Mgongo wa Paskazia si wa Ng'ombe

Bujiku wa Mhunze alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni ujuaji. Ukienda buchani kwake kununua nusu kilo ya maini, unarudi nyumbani na maini pamoja na somo: ini hukaa wapi, hushikwa na nini, na kwa nini la bucha ya jirani lisikutamanishe. Watu walimvumilia kwa sababu nyama yake ilikuwa safi na mizani yake haikuwa na ujanja.

Kuchinja alimwachia Muhidini, ili kila mteja ale bila wasiwasi. Kazi ya Bujiku ilianzia kwenye shoka. Alipompasua ng'ombe mgongo, ndani ya pingili ilijitokeza kamba nyeupe, laini, iliyoteremka kutoka kichwani hadi nyongani. Hapo ndipo somo lilipokolea.

"Mnaiona hii?" aliwauliza wateja, shoka begani. "Kichwa ni bosi, kazi yake kuketi. Hii ndiyo inayobeba maneno yake mpaka kwenye kwato. Ikikatika, mguu unabaki nyama tu."

Kisha alisimulia habari za maksai wa baba yake, aliyeangukiwa na gogo kiunoni akawa anaburuta miguu ya nyuma hadi siku aliyochinjwa. Paskazia, mkewe, aliisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote Kishapu nzima. Aliisikia akipika, akifagia, na hata akiwa na mimba ya miezi tisa anatafuta namna ya kulala.

Sasa, Paskazia na miguu yake ni habari nyingine. Alikuwa mcheza ngoma ya jembe, na akiingia uwanjani baada ya mavuno, usinga mkononi, hata washabiki wa kundi pinzani walisahau kwamba wamekuja kuzomea. Nyumbani nako miguu hiyo haikuwa na adabu. Kila alfajiri, badala ya kumwita mumewe aamke, alimfinya shavu la mguu kwa kidole gumba cha mguu na kile kinachofuata. Bujiku aliruka, akalalamika, akaenda kazini anacheka. Asiyefinywa, alijisemea, hajaoa.

Basi mtoto wao wa kwanza akaamua kulala mkingamo tumboni. Wakaambiwa waende hospitali mjini Shinyanga, na asubuhi moja uchungu ulianza wakiwa huko huko wodini. Daktari akasema mtoto hawezi kutoka kwa njia yake akiwa hivyo, na kumsubiri ni hatari kwake na kwa mama. Ni upasuaji, tena asubuhi hiyo hiyo.

Paskazia alikubali upasuaji bila shida. Shida ilikuja pale mtaalamu wa ganzi, mwanamke wa makamo mkazi wa Kambarage aitwaye Mwahija, alipomweleza kwamba sindano ya ganzi itachomwa mgongoni, kiunoni.

"Kiunoni?" Paskazia alishtuka. "Hapana, mama. Nilaze usingizi, au nirudisheni Mhunze."

"Usingizi mzito tunao," Mwahija alisema. "Lakini leo ganzi ya mgongo ni salama zaidi kwako, na mtoto hatalewa dawa. Utamsikia akilia mwenyewe."

"Na miguu yangu je? Mume wangu anajua migongo. Kamba inapita hapo hapo. Akisema yeye kwamba haitakatika, nitakaa mchome. Asiposema, sikai."

Macho yote yakamgeukia Bujiku. Maisha yake yote alikuwa akisubiri siku ambayo watu wa hospitali watamwuliza maoni yake, na siku hiyo ilipofika alitamani kujificha chini ya kitanda. Kinywa chake ndicho kilichomtia mkewe hofu hiyo, na hofu hiyo alikuwa nayo yeye mwenyewe. Alimwona Paskazia akijikunja kwa uchungu, akajiona yeye mwenye shoka hana la kufanya.

"Shikamoo, daktari," alianza kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Sema haraka, baba, mtoto hana muda wa kikao."

"Mimi nina bucha. Migongo naipasua kila siku. Kamba inafika hapa." Akajigusa nyongani. "Sindano ikiingia kiunoni inaikuta. Nimeona kwa macho yangu."

Alitegemea kuchekwa kwa dharau. Mwahija hakucheka.

"Umeona kweli," alisema, "ila umeona ya ng'ombe. Kwa ng'ombe inafika huko. Ya mtu mzima ni fupi. Sisi tunaiita ugwe mgongo, unene wake kama kidole chako kidogo, na inaishia hapa." Akamgusa mgongoni, juu kidogo ya kiuno. "Mtoto akiwa mchanga tumboni, inajaza mgongo mzima. Halafu mifupa inarefuka, yenyewe inabaki nyuma. Mimi nitachoma chini yake."

Bujiku alipepesa macho. Kuambiwa kwamba binadamu amepunjwa kamba kuliko ng'ombe ni jambo ambalo mwenye bucha halimezi hivi hivi.

"Ikiishia hapo juu," alisema, "maneno ya kichwa yanafikaje kwenye vidole vya mguu?"

"Swali zuri. Huo ni nini?" Mwahija alinyooshea kidole kikapu cha Paskazia, ambamo usinga wa ngoma ulichungulia katikati ya khanga. Paskazia hakusafiri bila usinga wake, hata kwenda kujifungua.

Mwahija akauchukua, akaomba ndoo ndogo ya maji, akauzamisha. Nywele za mkia zikatawanyika, zikaelea polepole.

"Shika mpini. Huo ndio ugwe mgongo. Nywele hizi ni mishipa ya fahamu inayotoka mwishoni mwake. Mingine inapeleka amri miguuni, mingine inarudisha habari: moto, baridi, mwiba. Na yote inaelea hivi hivi, ndani ya mfuko wenye maji masafi. Dawa yangu naitia kwenye maji hayo." Akachomoa pini kwenye khanga, akampa. "Haya. Nichomee unywele mmoja."

Bujiku akachoma. Nywele zikasogea. Akachoma tena, kwa hasira kidogo, zikampisha tena. Akalenga unywele mmoja peke yake, mnene, ulimi umetoka nje kama anakata fundo la nyama, nao ukateleza pembeni ya pini bila kuumia. Paskazia, katikati ya uchungu, alianza kucheka.

"Mayo! Bujiku ameshindwa na usinga!"

"Sikudanganyi kwamba sindano haina lake," Mwahija alisema, safari hii akimtazama Paskazia. "Unaweza kuumwa kichwa, presha inaweza kushuka, na hayo nitayaangalia. Miguu itakufa ganzi saa chache, halafu itarudi."

Bujiku aliweka pini chini. Akapiga magoti kando ya kitanda, jambo ambalo wateja wake wasingeliamini.

"Paskazia, nilikufundisha mgongo wa ng'ombe," alisema. "Wa mtu nimeujua leo. Kaa, uchomwe."

"Una hakika?"

"Nina hofu. Lakini hakika ninayo pia."

Paskazia akamtazama, kisha akacheka tena. "Basi huyo ndiye mume wangu. Nipelekeni."

Bujiku alibaki nje kwenye benchi na usinga wenye majimaji. Aliomba kwa Mungu, na kwa kuwa hakuwa na uhakika nani anahusika na migongo, akawaomba na babu zake wote aliowajua majina. Mlango ukafunguka, kilio chembamba kikatoka, na nesi akasema ni msichana. Bujiku alilia hadharani, akamshukuru nesi, akamshukuru mfagiaji, akalishukuru na benchi.

Mchana alipomkuta wodini, Paskazia alikuwa anatabasamu, mtoto kifuani. Lakini miguu ilikuwa imelala chini ya shuka, kimya. Bujiku hakuwahi kuiona miguu hiyo ikiwa kimya.

"Uliumia?" aliuliza.

"Nilisikia wananivutavuta tu, kama mtu anatafuta kitu mkobani. Na huyu nilimsikia akilia, kama mama wa ganzi alivyosema." Akayafumba macho. "Miguu bado naona kama ya mtu mwingine."

Maneno hayo yalimchoma Bujiku kuliko pini. Alivuta stuli, akakaa upande wa miguu, akailinda. Muda ukaenda. Mwishowe hakuvumilia, akachukua unywele wa usinga, akaupitisha kwenye unyayo. Mguu ukaruka!

Mwahija, aliyekuwa anapita kuangalia wagonjwa, alisema, "Hongera, ganzi inaachia."

Bujiku hakufurahi. "Daktari, mimi nimeona mguu wa ng'ombe ukipiga teke, kichwa kiko meza nyingine. Huko ni kuruka kwa kamba yenyewe. Mwenye mguu hajasema kitu."

"Hapo sikupingi," Mwahija alicheka. "Mguu ukichomwa, ugwe mgongo unaweza kuujibu bila kusubiri kichwa. Lakini leo hata hilo lilikuwa limezimwa. Likirudi hilo, na amri ya mwenyewe iko njiani. Subiri."

Basi akasubiri. Paskazia alionekana amelala. Joto la mchana, kilio cha benchini na hofu ya tangu asubuhi vilimwelemea Bujiku, kichwa kikainama, kikatua kwenye godoro kando ya miguu ya mkewe. Akasinzia.

Alishtuliwa na maumivu makali ya sikio. Kitu kilikuwa kimelibana, kinalivuta na kulizungusha, bila haraka wala huruma. Alipofungua macho aliona kidole gumba cha mguu, na kile kinachofuata.

"Amka," Paskazia alisema. Macho yake yalikuwa wazi muda mrefu kuliko alivyodhani mumewe. "Hii nayo ni ya kamba, au ni ya mwenye mguu?"

Machozi yalimshuka Bujiku, anacheka, na hakulitoa sikio lake.

"Finya tena," alisema.