Mikono Miwili ya Kushoto

"Simama wima, unyooshe mikono," mpiga picha alimwambia binti yangu, na binti yangu akajaribu tena. Mkono wa kushoto ulishuka vizuri. Wa kulia ulibaki umekunjika kwenye kiwiko, bega limepanda, gauni limembana kwapani. Nyuma yake ukoo mzima wa mume wangu ulikuwa umejipanga kwenye ngazi za nyumba, wakubwa kwa wadogo, wote ndani ya kitambaa kimoja cha kijani chenye maua meupe. Kila mshono uliokuwa pale ulipita mikononi mwangu.

Hadi leo nikiikumbuka asubuhi ile hasira hunipanda upya, wala sijaribu kuishusha.

Mimi ni fundi cherehani. Sikukuu ikikaribia, wateja husongamana mlangoni kwangu, kila mmoja akiapa kwamba nguo yake ndiyo ya haraka. Na katikati ya vurugu hiyo, kila mwaka, wifi yangu alikuja na jora begani, akalitua juu ya meza ya kukatia, akasema mama anasalimia. Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Mama mkwe aliianzisha desturi hiyo akiwa bibi harusi, akashona nguo za kufanana za mumewe na watoto wake wachache. Mimi nikairithi wakati watoto wale wameshaoa, wameolewa na kuzaa.

Walinivisha kilemba cha ukoka. Mikono yako ni ya dhahabu, walisema, na dhahabu hiyo haikupewa hata siku ya kupumzika. Mume wangu, dereva wa lori anayerudi nyumbani mkesha wa sikukuu akiwa hoi, alinipa dawa yake ile ile: nijikaze, ni mara moja tu kwa mwaka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Binti yetu alikuwa akisinzia kibandani kwangu juu ya rundo la mabaki ya vitambaa, huku nikimwahidi kwamba tutacheza kesho. Mwaka ule aliacha kuniuliza kesho yenyewe ni lini. Hilo liliniuma kuliko sindano yoyote iliyowahi kunipita kidoleni.

Gauni lake nililishona la mwisho, kama ilivyo kawaida ya mtoto wa fundi. Mkono wa nguo una mbele na nyuma, na hata anayejifunza huambiwa mapema akunje kitambaa kwanza, ndipo akate, ili wa kulia na wa kushoto itoke pamoja. Lakini mimi nilikuwa nimebakiwa na vipande tu. Nilikata kimoja, nikakata kingine, macho yakifumba yenyewe. Nikatoa mikono miwili ya kushoto, na yote nikaishonea.

"Huyu anatuharibia picha," wifi alisema, akicheka. "Mwambieni anyooshe mkono."

"Haunyooki, shangazi," binti yangu akajibu kwa adabu zote. "Mama alikuwa amechoka."

Hapo maji yakazidi unga. Nilitoa mkasi mdogo mkobani, maana sitoki nyumbani bila mkasi, nikapiga magoti mbele ya ukoo wote, nikaanza kufumua. Hakuna aliyenizuia. Mkono wa kulia ukatoka, kisha wa kushoto, na yote miwili nikaitupa miguuni pa mama mkwe.

"Huu ndio mwisho," nikamwambia. "Mwakani kila mtu aje na nguo yake. Mimi nitakuwa nacheza na mwanangu."

Nilingoja anitukane. Majibu nilikuwa nayo, nimeyanoa miaka mingi. Yeye aliinama taratibu, akaokota mikono ile, akailaza mmoja juu ya mwingine, akaliona kosa.

"Hata mimi niliichoka desturi hii zamani, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe ukatae."

Watu wakashusha pumzi, wakacheka. Shemeji mmoja akafungua vifungo vya shati papo hapo, akisema lilimkaba tangu alivae. Siku hizi wanakisimulia kisa hiki kama kichekesho, na mimi huwaacha wacheke peke yao. Mama mkwe alikuwa na mdomo na alikuwa na sauti katika nyumba ile. Neno lake moja lingenirudishia siku zangu zote, naye alilikalia mpaka mtoto mdogo akatangulia kusema.

Picha ile ipo ukutani kwake. Mimi nimekunja uso, mkasi bado uko mkononi. Binti yangu yuko mbele kabisa, nyuzi zinaning'inia mabegani, ameinua mikono yote miwili juu.