Mguu Uliojua ya Wenzake

Kinyozi alikaa kwenye benchi la kliniki, kiatu cha kushoto mkononi. Kwa miezi kadhaa mguu huo ulikuwa baridi, vidole vimepiga weusi, kidonda kimegoma kufunga. Dada yake ndiye aliyemkokota mpaka pale.

"Leo unapimwa, kaka, hata ukinuna mpaka mdomo uguse sakafu."

Nesi akazungusha mkanda wa presha juu ya kifundo, akaujaza upepo. Mguu ukakohoa.

"Taratibu, mama," ukasema. "Halafu yule mwalimu mwishoni mwa benchi msimrudishe nyumbani, vidole vyake vina hali mbaya. Ila dereva anayelia pale, mwambieni anyamaze. Atacheza harusi ya mjukuu wake."

Nesi akaukagua mkanda kama umetoboka, kisha akamwita daktari. Daktari akavuta kiti, akauuliza mguu habari za wagonjwa wa benchi zima. Ukaeleza mmoja mmoja, nani atapona na nani atakatwa, bila haraka.

"Na wewe mwenyewe je?" dada akauliza.

"Mganga hajigangi."

Mguu wa kulia, ambao haukuwa na mazoea ya kuongea mbele za watu, ukadakia: "Utapona, ndugu yangu, mshipa ukizibuliwa kabla ya mvua."

Daktari akakubali kwamba hilo lilikuwa sahihi kabisa kitaalamu. Ila chumba kipya cha kuzibulia mishipa kilikuwa kimefungwa, kikimsubiri mheshimiwa aje kukizindua. Utepe ulishafungwa mlangoni, mheshimiwa ndiye aliyekuwa na shughuli nyingi. Kinyozi akapangiwa baada ya mvua.

Mvua zikaja, zikaondoka na mguu. Chumba cha kukatia miguu hakikuhitaji kuzinduliwa. Kilikuwa wazi siku zote.

Hospitali haikuutupa. Waliuweka kliniki juu ya mto laini, wakauvisha soksi, ukaendelea na kazi. Kinyozi, ambaye sasa hunyoa akiwa amekaa, huja kuukata kucha.

"Unanenepa," huuambia.

"Na wewe umekonda. Kula."

Siku moja daktari akamshika bega kwa furaha. "Mzee, mguu wako haujawahi kukosea hata mara moja!"

"Utakosea vipi, daktari, na chumba cha kuzibulia bado kimefungwa?"

Daktari akatikisa kichwa kukubali, akaupangusa utepe vumbi, akamwita mgonjwa anayefuata.