Wifi na Kurasa za Mwisho

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi ile manyunyu yalianguka huku jua likiwaka, na fundi cherehani akafungua duka lake amenuna, jambo ambalo si kawaida yake baada ya sala.

Kisa ni kitabu. Kitabu chakavu cha zamani, jaladani mwanamke mwenye lulu shingoni na glavu ndefu hadi viwikoni. Ndani, tajiri amekufa akinywa chai, na jamaa zake, hariri tupu mwilini, wanachekeana huku kila mmoja akivizia kasha la lulu. Fundi, aliyejifunza kusoma ukubwani, alikifurahia hadi akaunguza sketi ya mteja kwa pasi. Basi gundi ikaachia, kitabu kikakatika vipande viwili, na kipande cha mwisho kikanyakuliwa na wifi yake, dada wa mumewe, anayesoma naye darasa la jioni.

"Wifi, nipe basi," fundi akamsihi alipopita dukani. "Leo nasimulia mbele ya darasa. Nisipofika mwisho wa hadithi, mwalimu hanipandishi darasa."

"Nitakupa," wifi akasema, akijipepea kwa kurasa zilezile. "Kwanza nishonee gauni kama la huyu wa jaladani."

"Juzi ulitaka blauzi tu!"

"Juzi nilikuwa sijamjua muuaji."

"Wewe na jamaa za marehemu, baba mmoja mama mmoja."

"Mimi sijamtilia mtu sumu. Bado."

Wifi alipoondoka, fundi alipiga magoti kando ya cherehani. Hakuomba kurasa. Alimjua wifi yake miaka ishirini: kutunza siri anaweza; kumsikia mtu akikosea na kunyamaza, hawezi.

"Ee Mungu," akanong'ona, "uongo sitasema. Wewe usimfunge wifi ulimi tu."

Jioni alisimulia vikombe, hariri na macho ya husuda, hata waliozoea kusinzia wakakaa wima. Kurasa zake zilipoisha, akavuta pumzi.

"Kwa hisia zangu mimi, muuaji ni mpishi."

Nyuma, kiti kikalia.

"Maana mpishi ndiye aliyeshika birika..."

"Mpishi gani!" Wifi alikuwa ameshasimama. "Ni mjane wa tajiri, yule wa jaladani! Sumu alipaka kwenye glavu, ndiyo maana hakuzivua hata mezani!"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Ahsante, wifi," fundi akasema kwa upole. "Mwalimu, huo ndio mwisho wa hadithi; kurasa zake anazo yeye."

Mwalimu alicheka hadi miwani ikamtelemka. "Umepanda darasa." Akamgeukia wifi. "Ila hizo kurasa zirudi kwa mwenzako, azisome mwenyewe."

Wifi akazitoa mkobani, shingo upande. "Chukua. Na gauni langu?"

Fundi akainua mkono wa kuume, akawageukia wanafunzi wenzake.

"Mbele ya Mungu, mwalimu na ninyi nyote, naahidi: gauni nitamshonea, na glavu zake juu. Ila chai nyumbani kwake sinywi tena."