Sinki Chini ya Dirisha

Rebeccah alikubali nyumba iuzwe baada ya yeye na mume wake, Bethwel, kuanguka kwenye ngazi za nyuma. Bethwel alikuwa amepooza upande wa kulia tangu kiharusi kimpate. Kila alipotaka kwenda chooni, ilibidi mke wake amshike kiunoni washuke pamoja zile ngazi za mawe, maana nyumba yao ya Kiptere ilijengwa kwenye mteremko na choo kilikuwa chini kabisa, karibu na shamba la chai. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Mguu ukateleza, wakaketi matopeni wote wawili, na Rebeccah hakupata nguvu za kumwinua. Wakakaa hapo hapo mpaka jirani aliyekuwa anarudi kutoka kuchuma chai akawaona.

Binti yao Cheptoo, mwenye duka la dawa za mifugo kule Mulot, alifika kesho yake.

"Mama, mtakuja kukaa karibu na mimi," alisema. "Kule ni tambarare. Hii nyumba tuiuze."

Rebeccah hakubisha. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kubisha aliona ni kazi.

Lakini Cheptoo alisema nyumba haitauzika ilivyo. Mnunuzi akiona sebule atapenda, akiona vyumba vya kulala atapenda, kisha afike jikoni ageuze gari. Alisema kweli. Jiko lilikuwa chumba kirefu, chembamba, cheusi kwa moshi wa miaka ile kabla hawajanunua gesi. Sinki ilikuwa ndani gizani, kwenye ukuta wa upande wa korido, kwa sababu paipu ya maji ilipita hapo. Meko ya gesi ilikuwa nyuma ya mlango, na aliyeingia bila kubisha hodi alimgonga mpishi mgongoni. Friji ilikaa sebuleni kando ya televisheni. Rebeccah alikuwa amepika humo tangu akiwa bibi harusi. Bethwel alikuwa akisema kila mwaka kwamba bonasi ya chai ikija watalitengeneza jiko, na kila mwaka bonasi ilikuja ikakuta karo inaisubiri mlangoni.

Cheptoo akamwita fundi Ogeto, Mkisii aliyejenga nyumba nyingi za sehemu hiyo, akamwonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa jikoni nyeupe, pana, yenye kaunta iliyosimama peke yake katikati, na bakuli la matunda juu yake.

"Hii inawezekana," Ogeto alisema. "Lakini chumba yenyewe ni nyembamba."

"Ifanye ndogo. Watu siku hizi wakinunua wanataka kuona kitu kama hicho."

Rebeccah alitazama ile picha. "Na mtu akibeba sufuria ya moto, atapitia wapi?"

"Atazunguka, Mama."

"Haya. Fanyeni mnavyotaka."

Alirudi chumbani kumgeuza Bethwel, maana saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika. Cheptoo akarudi Mulot kufungua duka. Ogeto akabomoa kabati za zamani, akapanga matofali katikati ya chumba, akamwaga slabu ya simiti juu. Sinki akaiacha palepale kwenye ukuta wa korido. Meko akaihamishia upande wa pili, ng'ambo ya kaunta.

Simiti ilipokauka, Rebeccah alianza kupika humo, kazi nyingine zikiendelea. Adhuhuri moja alichemsha viazi. Aliinua sufuria akamwage maji kwenye sinki, akazunguka kaunta kama alivyoambiwa, na nyonga yake ikagonga pembe ya slabu. Sufuria ikainama. Maji yote yakammwagikia mguu wa kushoto.

Ogeto, aliyekuwa nje akichekecha mchanga, alisikia sufuria ikianguka na kumkuta amekaa sakafuni kati ya viazi. Akammwagia maji baridi mguuni, ndoo baada ya ndoo, kisha akatafuta gari la kumpeleka Kapkatet hospitalini. Muuguzi alimfunga bendeji na kumwambia asikanyage mpaka ngozi irudi.

"Na mgonjwa wangu nani atamhudumia?" Rebeccah aliuliza.

Cheptoo alifunga duka akaja na nguo zake kwenye mkoba. Alimkuta mama yake amekaa mlangoni pa jikoni, mguu juu ya stuli, na baba yake kando yake kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Ni mimi nimefanya hivi," alisema.

"Wacha hayo. Baba yako hajakula."

Basi Cheptoo akapika. Alipika siku hiyo na siku zilizofuata, akizunguka ile kaunta na maziwa, akiizunguka na sahani, akiizunguka na ndoo ya maji machafu, wazazi wake wakimtazama. Asubuhi moja alisimama katikati ya chumba, isageti, ile mboga ya kienyeji, haijaoshwa mkononi, akavuta pumzi.

"Fundi," aliita, "bomoa hii kitu."

"Nibomoe? Haijamaliza hata mwezi."

"Bomoa tu, tafadhali."

Ogeto aliguna, lakini akaenda kuchukua nyundo. Vumbi lilipotulia, Cheptoo alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake. "Sasa tuanzie wapi?"

Rebeccah hakutaka kuanzia popote. Mguu ulikuwa unawaka, na usiku hakuwa amelala vizuri. Lakini mtoto alikuwa amechuchumaa hapo, akingoja.

"Anzia na maziwa," alisema. "Yanaingia na mlango gani?"

"Wa nyuma."

"Na mboga, wa nyuma. Basi kando ya mlango huo weka friji, na mahali pa kutua mzigo. Mtu akitua, anaosha. Akiosha, anakata. Akikata, anapika. Vifuatane hivyo hivyo kwa ukuta mmoja, mtu asivuke chumba na kitu cha moto. Na kati ya sinki na gesi acha slabu ya kutosha kuweka sufuria kubwa."

Cheptoo alisimama, akajifanya anaosha, anakata, anakoroga. Ogeto alimfuata kwa chaki, akichora sakafuni. Waliposogeza sinki kwenye mchoro hadi upande wa meko, Ogeto alitikisa kichwa. Alitaka ibaki ukuta wa korido. Kuivusha kulimaanisha kukata sakafu na kulaza paipu mpya.

"Basi iache," Rebeccah alisema. "Si ni ya kuuza?"

Bethwel akagonga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima. Wote wakamgeukia. Maneno yalimtoka kwa shida siku hizo, na mengine yalikataa kabisa.

"Di... risha," alisema.

"Unataka dirisha lifungwe, Baba?"

Alitikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye sinki, kisha dirishani, kule ambako mteremko wote wa chai ulionekana mpaka mtoni. Akamtazama mke wake.

"Ukuta," alisema. "Miaka... ukuta."

Rebeccah alielewa: miaka yote alikuwa ameosha vyombo akitazama ukuta. Aliinama akajifanya anaitazama bendeji.

"Fundi, kata sakafu," Cheptoo alisema taratibu.

Sinki ikawekwa chini ya dirisha. Mlango wa nyuma ukapanuliwa na kutengenezewa mteremko wa simiti badala ya kizingiti, kiti cha Bethwel kikawa kinaingia mpaka kwenye slabu. Mguu ulipopona, Rebeccah aliosha vyombo hapo jua likimpiga usoni, na Bethwel akapanga vikombe kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Kazi haikupungua. Bado alimgeuza, bado alishuka naye zile ngazi. Ila jiko halikumwongezea uchovu mwingine.

Mnunuzi alikuwa Phanice, mwalimu mwenye watoto wadogo. Alifungua droo, akasimama kwenye sinki, akageukia gesi bila kuhamisha mguu, akamwita mume wake aje aone. Jioni hiyo walipiga simu kusema wanaitaka.

"Mama," Cheptoo alisema, "kama unataka kubaki, nitawaambia hapana. Sasa ni nyumba nzuri."

Rebeccah alimtazama Bethwel kwenye kiti chake.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini jikoni haiwezi kumwinua baba yako. Waambie waje."

Kule Mulot walipata nyumba ya kupanga nyuma ya duka la Cheptoo, sakafu na ua vikiwa usawa mmoja. Jikoni palitosha mtu mmoja na nusu. Siku ya kuhamia, Cheptoo alimsukuma baba yake mpaka kivulini dukani, wateja wakamsalimia wakimpa mkono wa kushoto. Alipokwenda kumuuliza mama yake kama atakunywa chai, alimkuta amelala juu ya godoro lisilotandikwa, mchana kweupe, viatu miguuni. Akavivua polepole, akarudishia mlango.