Maumivu Aliyoyaita Jino

Kivuti hakuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu. Kabla ya Hali ya Hatari, ile miaka ya vita kati ya serikali ya Waingereza na wapiganaji wa msituni, alikuwa mchinjaji pale Karurumo, na akikuambia nyama ni ya leo, basi ni ya leo. Lakini serikali ilipowatoa watu mashambani mwao na kuwafungia katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki, Kivuti alianza kutembea uso chini, miguu ameitanua kidogo, kama mtu aliyeshinda juu ya punda.

Kilichomsumbua kilianza kama mwasho. Ngozi ya uume wake iliwasha, ikachubuka, na kila jasho lilipoifikia ikachoma kama imepakwa pilipili. Akadhani ni uchafu. Akajisugua kwa sabuni ya kufulia asubuhi na jioni, na hali ikazidi. Mwishowe akapaka mafuta ya taa. Siku hiyo alijibanza nyuma ya choo, ameuma ngumi ili asisikike akilia.

Hakumwambia mtu, na zaidi ya wote alimficha mkewe Mukami. Mukami alikuwa mmoja wa wanawake waliolazimishwa kupeleka maji kwenye kambi ya homugadi, wale walinzi wa kijiji wenye bunduki, na watu walinong'ona mambo ambayo wanawake wengine walifanyiwa huko. Kivuti hakumuuliza mkewe neno. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe. Akahamishia mkeka wake ng'ambo ya jiko. Mukami alipotaka kujua kulikoni, akasema mgongo unamsumbua.

Asubuhi moja aliamka amevimba, na kukojoa kukawa kwa shida. Hapo woga ukaishinda aibu, ila si yote.

Hakuna aliyetoka kijijini bila pasi, na pasi ilitolewa na hedimani Njue, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, langoni, mbele ya wote waliopanga foleni. Zamu ya Kivuti ilipofika, Njue akauliza, "Mjini Embu unakwenda kufanya nini?"

"Jino, Bwana Hedimani. Halinipi usingizi."

"Fungua mdomo."

Akafungua. Njue akachungulia huku na huku, kisha uso wake ukabadilika. "Meno haya yanaweza kutafuna mfupa. Kivuti, unawapelekea watu wa msituni nini?"

Mlinzi mmoja akashika bunduki yake vizuri. Kivuti alijua watu waliokuwa wamechukuliwa kwa uongo mdogo kuliko huo, wasirudi.

"Si jino," akasema. "Naumwa huku chini."

"Chini wapi?"

"Chini kwa mwanamume."

Mlinzi akaangua kicheko, na kicheko kikashuka foleni nzima mpaka kwa akina mama waliobeba kuni. Njue hakucheka. Aliandika pasi akiwa ameinama, akamkabidhi bila kumtazama. "Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema polepole. "Nenda."

Huko hospitali ya Embu alipokelewa na dresa mmoja, yaani mganga msaidizi, mtu mzima aliyeitwa Idrisi, Mwislamu wa pale mjini. Idrisi alifunga mlango kwanza, ndipo akamwambia avue. Akamtazama, akampapasa kwenye mapaja panapoota mitoki.

"Usaha unatoka?"

"Hapana."

"Kuna kidonda kilichokuja bila maumivu?"

"Hapana. Hii inauma yote."

"Umeweka nini hapa, bwana? Niambie yote."

Kivuti akataja sabuni. Akataja mafuta ya taa. Halafu akakumbuka unga wa kuua chawa ambao watu waligawiwa walipohamia kijijini. Wengine walijinyunyizia kidogo shingoni. Yeye, kwa kuona haya ya chawa, alijaza kiganja akamwaga ndani ya kaptura, kisha akaenda kuchimba handaki juani.

Idrisi akatikisa kichwa. "Unga uliiwasha ngozi. Hayo mengine umejiunguza mwenyewe. Damu nitaipima, maana kaswende haijulikani kwa macho tu, lakini sioni dalili ya ugonjwa wa zinaa. Osha kwa maji matupu, kausha taratibu, paka vaselini hii, vaa nguo isiyobana. Wiki ikipita bila nafuu, rudi. Ukiona usaha, au homa, au mkojo ukigoma, usingoje hata kesho. Na siku nyingine njoo ikiwa bado ni mwasho."

Kivuti aliitikia, lakini masikio yake yalikuwa yamebaki kwenye neno moja. Zinaa. Hakuna aliyemletea kitu. Njia nzima ya kurudi aliuona ule mkeka aliouhamisha.

Kicheko cha langoni kilikuwa kimemtangulia nyumbani. Mukami alikuwa akimenya ndizi, na hakuinua macho.

"Baba Karimi, wanasema umekwenda kutibiwa ugonjwa wa kutembea na wanawake. Nani huyo?"

"Hakuna mtu. Ni ule unga wa chawa, na sabuni." Akamweleza yote, mpaka mafuta ya taa.

Mukami alisikiliza. Kisu kikasimama mkononi. "Basi kwa nini ulinihama?"

Kivuti akautazama mkeka wake ng'ambo ya jiko.

"Ulifikiri nimekuletea kutoka kambini."

Alitamani kusema hapana, lakini siku hiyo uongo ulikuwa umemtosha. "Ndiyo," akasema.

"Hawajanigusa," Mukami akasema. "Lakini kama wangenigusa, Baba Karimi? Wangenishika kwa nguvu? Hivyo ndivyo ungefanya, uchukue mkeka wako uende kule?"

Kicheko cha foleni nzima hakikuwa kimemchoma namna hiyo. Akasema, "Nisamehe," na sauti yake mwenyewe ikamwia ngeni.

Mukami aliziweka ndizi motoni. Baadaye akachemsha maji, akayaacha yapoe, akamsogezea beseni nyuma ya pazia la gunia. "Oga," akasema. "Usiweke sabuni."

Ngozi ilipona kabla wiki haijaisha, na damu ikaonekana safi. Mukami alikaa muda mrefu zaidi kabla ya kumwita arudi upande wake wa jiko, na Kivuti hakumharakisha.