Mkono Uliotoka Mlangoni

Mpwa wangu tunamwita Chiriku, na jina hilo hakulipata bure: hata akinywa chai huongea ndani ya kikombe. Kwa hiyo aliporudi kutoka shule siku ile, akavua viatu na kujikunyata kimya nyuma ya cherehani ya mama yake, nilijua kuna jambo.

Dada yangu alisema mtoto amechoka tu. Nikamwambia aliyechoka hulala, hafichi karatasi chini ya vipande vya vitambaa. Tukaitoa.

Ilikuwa ya mraba, ndogo kama kiganja. Alikuwa amechora mlango ulioachwa wazi kidogo, ndani giza tupu, na mkono umetokeza. Mkono tu, hauna bega wala mwenyewe. Vidole vyembamba kama mizizi, vimekunjwa kama vimekamata kitu, na hicho kitu hakipo.

Tulipombana, alisema mkono ni kipande cha picha ya mchoraji wa zamani, aliyekufa kabla babu hajazaliwa, ambaye alichora mambo ya ndotoni. Mwalimu mpya wa sanaa ndiye anayewafundisha habari zake. Dada akauliza picha yenyewe ikoje. Chiriku akainamisha kichwa.

"Mwalimu amesema tusimwonyeshe mtu mpaka Ijumaa."

Cherehani ikasimama. Mtu mzima anayemfundisha mtoto kuficha mambo, huyo ana lake. Dada akasema basi, darasa hilo mtoto halikanyagi tena. Chiriku hakulia. Aliomba kitu kimoja: yeye asipokwenda, kipande chake kiende, maana bila hicho picha itabaki na tundu.

Nikakitia mfukoni. Nilitaka kumwona huyo mwalimu macho kwa macho.

Ijumaa tukaenda watatu, mtoto katikati awe shahidi, mimi mbele nimevimba kama chura. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Nilimwuliza anawaficha nini wazazi. Alieleza kwamba picha ya mchoraji huyo aliikata miraba, akampa kila mtoto mraba mmoja aunakili. Hakuna aliyeiona nzima. Wakionyeshana mapema, utamu unaisha. Nikamjibu kwamba hata mtego una utamu wake, ndiyo maana panya huingia.

Hakukasirika. Alinipa gundi. "Basi bandika mwenyewe, kaka."

Vipande vya wenzake Chiriku vilikuwa tayari ukutani: nyumba inayoelea juu ya shamba, ngazi isiyofika chini, mwezi wenye kope. Upande wa kulia, mtoto akitembea usingizini ukingoni mwa paa, mguu mmoja hewani, shati limevutwa nyuma, na wa kulivuta haonekani. Kati ya shati na nyumba palikuwa na tundu.

Nikabandika. Vidole vikakutana na shati.

 Chiriku akafunguka kama bomba: kumbe anamzuia asianguke, kumbe ndiyo maana vidole vimekunjwa, mama umeona, mjomba umeona? Dada alisogea, akalitazama lile shati kwa jicho la kazi.

"Limeshonwa vizuri," alisema. "Lingekuwa la dukani, mtoto angekuwa chini zamani."

Watoto wakacheka, na hapo nikajua Chiriku amerudishiwa darasa lake. Lakini mimi sishindwi upesi. Mkono mwema, sawa, wa nani? Mwalimu akasema mchoraji hakuacha jibu. Nikamwambia hilo nalo linanitia shaka, na tangu leo kila kipande kitakachokuja nyumbani nitakikagua.

"Vizuri," akasema. Akatoa bahasha ya picha nyingine ya mchoraji yuleyule, akanipa kipande kimoja. "Nakili na wewe."

Nilikitazama njiani, mara moja tu, na hatua zangu zikapungua. Dada aliona.

"Kuna nini humo? Nionyeshe."

Nikakirudisha mfukoni, nikamwambia asubiri Ijumaa.