Ahadi Aliyoivunja Baba

Watu hushukuru kwa ahadi walizotimiziwa. Mimi namshukuru baba yangu kwa ahadi moja aliyoivunja mbele ya watu mia moja, na wengi wao wageni.

Ilikuwa siku ya Kukatwa Kichwa kwa Yohana Mbatizaji, sikukuu ya kanisa letu la kijiji cha Zelena, huku kwenye mashamba ya ngano ya Saskatchewan, Kanada. Siku hiyo kwetu kisu hakishikwi. Hatuli kitu cha mviringo, iwe kabichi, kiazi au tufaha. Mkate unamegwa kwa mikono, na chakula hupakuliwa kwenye sinia za bati za pembe nne, si kwenye sahani, kwa kuwa kichwa cha mtakatifu kilibebwa juu ya sahani. Asubuhi tulisimama kanisani tukasomewa habari yote: Herode alivyoapa mbele ya wageni wake kumpa binti aliyewachezea lolote atakaloomba, binti alivyomkimbilia mama yake kumwuliza aombe nini, na Herode alivyoona haya kukataa alipoombwa kichwa cha Yohana.

Baada ya ibada tulikusanyika ukumbini. Baba, ambaye ni mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa, alinisukuma niimbe. Mimi ni mwoga wa watu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza chuo, na bado nilikuwa sijawahi kununua hata viatu bila kumwuliza mama. Lakini niliimba wimbo wa mavuno, macho yakiwa kwenye mbao za sakafu. Nilipomaliza, wageni wa parokia jirani walikuwa wamesimama wakipiga makofi.

Baba alishindwa kujizuia. "Slavka, binti yangu, omba lolote! Lolote lililo mikononi mwa halmashauri. Naapa mbele ya wageni hawa, utapata!"

"Prokip!" akapiga kelele jirani yetu Havrylo. "Herode naye alianza hivyo hivyo! Mpe nusu ya ufalme, ila trekta usimpe!"

Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda jikoni kumwuliza mama. Naapa sikuliona nililokuwa nalifanya. Miguu ilikwenda kwa mazoea.

"Mama, niombe nini?"

"Omba mchumba!" akasema Paraska, aliyekuwa akimega mikate. "Hiyo sauti isiozee hapa."

Mama hakucheka. Alinivuta hadi chumba cha akiba, akafunga mlango. "Omba nafasi ya Onufri. Sema unataka kuongoza nyimbo wewe."

Mzee Onufri alikuwa ameongoza nyimbo za kanisa letu miaka arobaini. Mke wake alikwisha kufa, watoto hakujaliwa. Bila kile kitabu cha nyimbo angekuwa mzee tu mwenye mbwa kiwete. Mimi mwenyewe alinifundisha kuimba tangu nina miaka saba.

"Mama, bwana Onufri ndiye aliye..."

"Ndiye aliyenivua nguo mbele ya watu."

Nilijua anasema nini. Mama na bibi, mama yake mzazi, walikaa miaka mitatu bila kusemezana. Bibi alipokufa, mama alilia kaburini mpaka akashikiliwa, na Onufri akasema, watu wote wakisikia, "Yevdokia, machozi haya ungemletea akiwa hai." Nadhani neno hilo lilimchoma kwa sababu alikuwa amekwisha kujiambia hivyo hivyo.

"Baba yako ameapa," mama akasema. "Anavyoona haya yule, hawezi kurudi nyuma. Au wewe uko upande wa nani, Slavka? Nani alikuzaa?"

Nikatoka. Nikasimama mbele ya watu, nikasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, "Naomba niongoze nyimbo mimi. Badala ya bwana Onufri."

Hakuna aliyecheka. Onufri aliweka chini kikombe chake cha chai. Alipapasa mfuko wa kizibao, akatoa ufunguo wa kabati la vitabu, akaulaza mezani. "Sawa," akasema. "Kweli sauti yangu imechoka." Akaanza kutafuta kofia yake.

Baba alibadilika rangi. Ni mtu anayeona haya hata kuomba chumvi mezani.

"Kaa, bwana Onufri," akasema.

"Ahadi ni ahadi, Prokip," mgeni mmoja akanong'ona, nasi tukasikia sote. "Umeapa."

"Nimeapa, mmenisikia. Sasa nisikieni tena: navunja. Asubuhi tumesimama saa mbili nzima kusikiliza habari za mtu aliyewaonea haya wageni wake. Mimi heri niaibike. Anayetaka kunicheka anicheke."

Akauchukua ufunguo, akaurudisha mkononi mwa mzee, akavifumba vidole vyake juu yake.

Hakuniuliza nani amenituma. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na baba hakugeuza macho upande ule hata mara moja. Namshukuru hata kwa hilo.

Jumapili iliyofuata nilifika mapema. Nilikuwa nimeandika maneno ya kuomba msamaha kwenye karatasi, maana kinywa changu hakiaminiki. Onufri hakuyangoja. Alisogea pembeni kwenye kibao chake chembamba cha kukalia, akaniwekea kitabu katikati yetu.

"Wewe shika sauti ya juu," akasema. "Mimi sifiki huko tena. Na usikimbize wimbo kama juzi."

"Bwana Onufri, mimi..."

"Najua. Imba."

Nikaimba. Mama alikuwa amesema kichwa kinamwuma, kwa hiyo tulimwacha nyumbani. Lakini katikati ya ibada niliinua macho, na dirishani nikaliona gari letu dogo limesimama uani mwa kanisa, yeye yumo ndani, koti limefungwa hadi shingoni. Kulikuwa na upepo wa baridi kali, na kioo cha upande wetu alikuwa amekiteremsha chote.